Mko watano, laptopu moja: mchague programu gani ya kusimamia kazi?

Leo tuongelee kitu ambacho vikundi vingi vya vijana hapa Dodoma vinakwama nacho, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 na kazi zikaanza kuongezeka: mtumie programu gani kusimamia kazi zenu. Nazungumzia kikundi kidogo, watu watatu mpaka kumi. Wanaochapa fulana na mabango, wanaopiga picha za harusi, wanaotengeneza tovuti, wanaofunga kamera, wanaokwenda vijijini kukusanya madodoso.

Tunachofanya wengi ni hiki. Tunaingia kafe, tunaiuliza Google programu bora ya kusimamia miradi, inatuletea orodha ya programu 20 iliyoandikwa na mtu mwenye ofisi, umeme usiokatika na kadi ya benki ya dola. Tunachukua ya kwanza. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamu, anabadilisha rangi na kuweka picha yake. Wiki ya tatu hakuna anayeifungua, tumerudi kwenye grupu la WhatsApp na ugomvi uko palepale.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usije ukasoma mpaka chini ukasema nakuzungusha. Programu nzuri kwa kikundi kidogo ni ile ambayo mwenzenu mwenye simu mbovu kuliko wote na bando dogo kuliko wote anaweza kuifungua kila siku. Mambo ya michoro na ripoti za rangi yaje baadaye. Na kabla hata ya hapo, mjue akaunti iko kwenye jina la nani. Nitalirudia hili chini kwa sababu ndilo linalovunja vikundi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kikundi cha watu watano kimepata kazi ya banda la maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya Nzuguni. Mteja ametoa nusu ya hela. Kuna fremu ya chuma ya kuchomelea, bango kubwa la kufunika fremu, fulana 60 na vipeperushi. Mmoja yuko Area D ana laptopu, wawili wako Ipagala wana simu za kupangusa, mmoja yuko Nkuhungu simu yake imejaa haiwezi kupakua app hata moja, na fundi wa kuchomelea yuko Chang'ombe ana kitochi. Tarehe nane Agosti haisogei hata ulie. Ukichelewa siku moja banda halina kazi tena, na nusu ya hela iliyobaki huioni.

Sasa kwenye grupu la WhatsApp mambo yanakwenda hivi. Vipimo vya fremu vimetumwa kwa sauti, katikati ya pongezi za kuzaliwa za mtu na video ya mpira. Mteja amebadilisha rangi ya nembo, picha mpya ikatumwa usiku, mwenye kuchapa akachukua ile ya zamani. Mmoja aliuliza nani atafuata vitambaa, wawili wakajibu kwa kidole gumba, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anakwenda. WhatsApp haina kosa hapo. Iliundwa kwa ajili ya kuongea, na maongezi yanasukumwa juu na maongezi mengine. Haikuambii nani anafanya nini, mpaka lini, na imefika wapi. Hayo maswali matatu ndiyo kazi yote ya programu ya kusimamia kazi. Ikishindwa kuyajibu kwa kutupia jicho mara moja, hata kama ni ya bei mbaya, achana nayo.

Kuna familia tatu hivi za hizi programu, ukizielewa hutababaishwa na majina.

Familia ya kwanza ni jedwali. Excel, LibreOffice Calc, au Google Sheets iliyotoka mwaka 2006. Safu moja kazi, safu ya pili jina la mhusika, ya tatu tarehe ya mwisho, ya nne imefikia wapi, ya tano inasubiri nini. Watu wanaidharau eti si ya kisasa. Mimi naiheshimu sana. Karibu kila aliyepita darasa la kompyuta anaijua, inafunguka kwenye kafe yoyote, na unaweza kuichapa karatasi moja ukaibandika ukutani. Google Sheets inaruhusu watu kadhaa kuandika kwa pamoja, na ina historia ya mabadiliko, kwa hiyo mtu akifuta mstari unaona nani na lini. Kwenye simu unaweza kuliwekea faili alama ya kupatikana bila mtandao. Hata suala la lugha lilishaguswa zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, yaani vitufe na maelezo yote kwa Kiswahili. Ubaya wa jedwali ni kwamba halikukumbushi. Linakaa kimya mpaka ulifungue.

Familia ya pili ni ubao wa kadi. Wazo lenyewe lina asili ya Japani, kwenye viwanda vya Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno alitumia kadi zilizoitwa kanban kuonyesha kituo gani kinahitaji nini, ili watu wasirundike kazi mahali pamoja. Trello, iliyotoka New York mwaka 2011, ndiyo iliyolifanya wazo hilo lijulikane kwa watu wa kawaida. Kila kazi ni kadi, unaivuta kutoka safu moja kwenda nyingine. Programu zenyewe nyingi ziko kwa Kiingereza, lakini majina ya safu unaandika mwenyewe, kwa hiyo andikeni Kiswahili tu: Bado, Inafanyika, Inasubiri, Imekwisha.

Hiyo safu ya Inasubiri msiiruke. Wageni wengi wanaweka safu tatu basi. Lakini kazi zetu nyingi hazicheleweshwi na uvivu, zinacheleweshwa na kusubiri: mteja hajathibitisha picha, fundi hajapewa hela ya vyuma, umeme umekatika pale wanapochapa. Kadi ikikaa Inasubiri siku tatu, mtu apige simu. Kwenye mfano wetu wa Nzuguni, kadi ya bango ingekaa pale ikisubiri rangi mpya ya nembo, na kila mtu angeiona, badala ya kuzikwa chini ya pongezi za kuzaliwa.

Na yule fundi wa kitochi? Hapo ndipo wengi wanachemsha. Wanataka wote waingie kwenye programu au programu haifai. Sivyo. Fundi apigiwe simu kila jioni na mtu mmoja anayejulikana, na huyo ndiye anasogeza kadi ya fundi. Kadi ina majina mawili, anayefanya na anayeripoti. Wa Nkuhungu naye ambaye simu imejaa atumie kivinjari cha simu, au akipita kafe aangalie. Ila mkigundua zaidi ya nusu yenu mnahitaji kuangaliziwa na mwenzenu, programu hiyo si yenu, rudini kwenye jedwali na karatasi ukutani.

Familia ya tatu ni ile ya chati ya mistari ya siku, inaitwa chati ya Gantt kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeieneza miaka ya 1910. Mpolandi Karol Adamiecki alishachora kitu cha aina hiyo tangu 1896, ila jina likaenda kwa mwenzake, si unajua tena dunia. Chati hii inaonyesha kazi ipi haiwezi kuanza kabla ya ipi. Kwenye banda letu, bango haliwezi kukatwa kabla fremu haijapimwa, na fremu haiwezi kupimwa kabla hujapewa eneo lako pale uwanjani. Kwa kazi za namna hiyo, ujenzi, kufunga mitambo, maonyesho, ubao wa kadi peke yake hautoshi. Microsoft Project ndiyo maarufu lakini inauzwa. Ipo GanttProject, ya bure tangu 2003, unaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, na chati unaitoa kama picha au PDF unaitupa kwenye grupu. Ipo pia ProjectLibre. Zote hizi mbili ni za kompyuta, kwa hiyo mwenye laptopu ndiye anachora, wengine wanaangalia. Kwa kikundi cha watano hilo si tatizo, mradi achore na kurekebisha kila wiki.

Halafu kuna mazimwi: Jira, Asana, ClickUp, monday.com na ndugu zao. Jira ilitoka Australia mwaka 2002 kwa ajili ya watengeneza programu kufuatilia makosa kwenye kodi, na hata jina lake limetoholewa kutoka Gojira, lile zimwi la sinema za Kijapani. Kama ninyi mnaandika programu za kompyuta, iangalieni, maana ni bure mpaka watu kumi. Kama mnachapa fulana, mtatumia wiki nzima kujifunza Jira na fulana hazitachapwa. Asana, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Dustin Moskovitz, mmoja wa walioanzisha Facebook, pamoja na Justin Rosenstein, ni rahisi zaidi, ila nayo inakuja na vitu vingi ambavyo watu watano hawavihitaji.

Mtu atasema, wewe unatupeleka nyuma, wakubwa wanatumia mifumo mikubwa. Haya, tuwaangalie wakubwa, tena hapahapa mjini kwetu. Halmashauri zetu zinapanga mipango na bajeti kwa mfumo unaoitwa PlanRep. Ule wa zamani ulikuwa wa kuweka kwenye kompyuta ya halmashauri yenyewe, kila wilaya na nakala yake. Tarehe 5 Septemba 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua hapa Dodoma PlanRep mpya inayofanya kazi kwenye mtandao, pamoja na FFARS, mfumo wa hesabu wa vituo kama zahanati na shule. Kilichobadilika kikubwa ni kwamba taarifa zikawa mahali pamoja, aliye Mpwapwa na aliye TAMISEMI wanaangalia kitu kilekile. Nakala kumi za faili moja ni ugonjwa hata kwa serikali, sembuse ninyi wenye faili lenye jina la mwisho, mwisho kabisa, na mwisho kabisa mpya. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kuiga kwa wakubwa ni hicho, taarifa mahali pamoja. Ukubwa wa mfumo waachieni.

Sasa hela. Programu nyingi zinatoza kwa kichwa kwa mwezi, kwa dola. Trello ya bure inaruhusu watu kumi na mbao kumi kwenye eneo moja la kazi, na kwa kikundi kidogo inatosha kabisa. Daraja lake la kwanza la kulipia limetangazwa dola 5 kwa mtu kwa mwezi ukilipa ya mwaka. Inaonekana kama hela ya chipsi. Piga hesabu: watu watano mara dola 5 mara miezi 12 ni dola 300. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni laki saba na nusu. Mtu wa sita akiingia inapanda. Kabla hujalipa andika kwenye karatasi ni kitu gani kimoja ambacho ya bure imeshindwa kuwafanyia. Kama huna cha kuandika, usilipe. Na bei hizi zinabadilika, soma ukurasa wao wa bei siku hiyohiyo unayotaka kuamua.

Bando nalo ni hela. Usikisie, pima. Kwenye simu nenda kwenye mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, angalia app imekula kiasi gani wiki nzima. Kila mmoja apime kwenye simu yake, mlinganishe. App inayokula bando la mwenzenu wa Ipagala ndiyo ataifuta kimyakimya bila kuwaambia.

Nimesema nitarudi kwenye akaunti. Kikundi kinaanza, mmoja mjanja wa kompyuta anafungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu. Miezi sita baadaye amepata ajira, au mmegombana, au amebadilisha laini. Mnajaribu kuingia, programu inatuma namba za uthibitisho kwenye simu ambayo hamnayo. Orodha ya wateja, vipimo, tarehe, kumbukumbu za nani alilipwa, vyote viko ndani na nyie mko nje. Kama mlichukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana, na mnatakiwa kueleza kazi ilivyokwenda, mtaeleza kwa kumbukumbu zipi?

Dawa yake haina gharama. Fungueni barua pepe ya kikundi. Akaunti ya programu isajiliwe kwa hiyo. Wekeni wasimamizi wawili, si mmoja. Namba za akiba za kuingilia, zile programu inazokupa unapowasha ulinzi wa hatua mbili, ziandikwe kwenye karatasi na mweka hazina aifungie na daftari la hela. Mtu akiondoka anatolewa siku hiyohiyo, bila chuki, ni utaratibu tu.

Kwa tunaotumia kafe: usikubali kivinjari kikuulize kuhifadhi neno la siri ukabofya ndiyo. Tumia dirisha la siri la kivinjari, na utoke kwenye akaunti kabla ya kusimama, hata kama dakika zimekwisha na mwenye kafe anakuangalia vibaya. Ubao wenu una majina na namba za simu za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na hizo taarifa za watu mkishazikusanya ni dhamana yenu.

Swali lingine ambalo zile orodha za kigeni hazikuulizi: mtandao ukikata je? Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilichukua siku kadhaa kurudi. Kikundi ambacho kila kitu kiko kwenye seva ya mbali kilikaa kimefunga mikono. App ya simu ya Trello inakuruhusu kusogeza kadi bila mtandao, inasawazisha mtandao ukirudi, lakini wenzako hawataona mpaka hapo. Ndiyo maana nawashauri kila Ijumaa mtu mmoja anakili kazi zote za wiki inayokuja kwenye karatasi moja, kila kazi na jina na namba ya simu ya mhusika. Simu za kawaida zikiwa hewani, kazi inaendelea.

Wala usidhani kampuni kubwa hazianguki. Aprili 2022 Atlassian, wenye Jira na ambao pia waliinunua Trello mwaka 2017 kwa dola milioni 425, walikosea wenyewe wakati wa matengenezo wakafuta mazingira ya kazi ya wateja 775. Wengine walikaa mpaka wiki mbili bila kuona kazi zao. Na Wunderlist, app ya orodha za kazi kutoka Berlin iliyokuwa inapendwa sana, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na ikafungwa Mei 6, 2020. Walionakili orodha zao mapema walihama.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata hamjaweka kazi ya kweli, tafuteni kitufe cha kutoa taarifa nje. Trello ya bure inakupa faili la JSON, ambalo kompyuta inalipenda lakini ukilifungua kwa macho utaona mabano tu. Faili la CSV la kufungua kwenye Excel wameliweka kwa wanaolipia daraja la juu. Si mwisho wa dunia, ila ujue kabla. Google Sheets unapakua kama Excel bila masharti.

Kuchagua kwenyewe kusichukue zaidi ya wiki mbili. Chukueni kazi MOJA ya kweli, ndogo, yenye mteja na tarehe. Iwekeni kwenye programu mnayoifikiria, na mkubaliane kwamba kazi isiyo na jina la mtu haipo. Jina moja, si mawili, na usiandike "wote". Baada ya wiki mbili angalieni nani hajaifungua, kisha mumuulize kwa nini, bila kumsema. Jibu lake ndilo linawaambia kama mnabaki au mnahama.

Mimi ningepanga hivi. Mnaochapa na kubuni, wenye wateja wengi wadogo: ubao wa kadi wa bure, na hela zikae kwenye jedwali tofauti, msizichanganye. Mnaofunga mitambo au kujenga mabanda: GanttProject kwa mwenye laptopu, picha ya chati kwenye grupu kila Jumatatu. Wapiga picha za harusi: jedwali tu, maana kazi zenu ni tarehe na malipo ya awali. Waandika programu: Jira kama mna subira, au Redmine kama mna seva na mtu wa kuitunza. Mnaokusanya madodoso Chamwino au Bahi: madodoso yenyewe yaende KoboToolbox au ODK, ambazo zinajaza fomu bila mtandao, na mgawanyo wa vijiji ukae kwenye jedwali la ukurasa mmoja.

Wadau wa Singida, Kondoa na Manyoni mnaotumia kitu kingine kabisa, kimwageni kwenye maoni, na mtaje na simu mnayotumia.